Misumari Mdomoni

Baba yangu ni fundi viti, na kama hujawahi kumwona fundi viti wa zamani akiwa kazini, ngoja nikueleze kwanza, maana bila hilo hutaelewa kilichotupata. Alikuwa anachota misumari kwenye kopo, ile mifupi yenye vichwa bapa ya kushikiza kitambaa kwenye mbao, anaitupa yote mdomoni kama mtu anayekula karanga. Humo ndani ulimi ulifanya kazi yake. Uliigeuza, ukaipanga, ukausukuma mmoja mbele mpaka ukabanwa kati ya meno, kichwa kikiwa nje. Nyundo yake ina sumaku. Aliigusisha mdomoni, msumari ukanasa, akageuka, akaugonga, ukaingia. Mkono wa kushoto muda wote huo ulikuwa umevuta kitambaa na haukukiachia hata kidogo. Mteja aliyekuja kuuliza kazi yake itaisha lini alijibiwa kwa nyusi.

Ndiyo maana watu humwita Mzee Misumari. Mimi aliniita Pilipili tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo wangu, na sina haja ya kujitetea, jina limenikaa. Mama alipofariki nilirudi nyumbani, nikaweka cherehani yangu chini ya dirisha la karakana, yeye akapigilia na mimi nikashona. Upande wa pili wa ukuta wa mabati yuko seremala anayetutengenezea fremu. Yeye na baba ni marafiki tangu ujana wao, na sijawahi kuwasikia wakisalimiana bila kutukanana.

"Mzee Misumari," seremala alikuwa akisema kila asubuhi, "siku ukipiga chafya utaua mtu."

Baba, mdomo umejaa, alimjibu kwa kidole.

Dalili ya kwanza niliiona kwenye kitambaa kabla sijaiona kwa baba. Chini ya kila kiti hupigiliwa kitambaa cheupe cha bei rahisi, ili mwenye kiti asione matumbo ya kiti chake. Kitambaa hicho kilianza kuwa na madoa mekundu, doa kwa kila msumari. Nikamwuliza.

"Kutu hiyo," akasema.

"Kutu itoke wapi, na misumari ni mipya?"

"Basi ni damu yako. Umejichoma sindano ukamsingizia mzee."

Tukacheka, tukaendelea na kazi. Fizi zake zilikuwa zikivuja damu kwa miaka, na dawa yake ilikuwa maji ya chumvi na kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini hebu nenda wewe kamwambie baba yako kwamba mdomo wake unanuka. Harufu ile tuliizoea kama tulivyoizoea ya gundi. Wateja walirudi nyuma kidogo, wakaendelea kusifia kazi.

Halafu akaanza kusahau. Sisemi kule kusahau ulikoweka miwani, huko hata mimi nimeshafika. Baba alivisha kiti kimoja cha mteja kitambaa cha mteja mwingine, makochi ya watu yakawa mekundu matatu na moja la kijani, naye akasimama mbele yake akijipongeza. Aliniuliza mama amekwenda wapi na mbona anachelewa. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, nikamwona akifiwa upya mbele ya macho yangu. Tangu hapo nikawa namwambia ametoka kidogo.

Lakini mezani kwake, nyundo mkononi, alikuwa mzima. Hilo ndilo lililonishangaza na ndilo nililolishikilia. Angeweza kuniuliza leo ni siku gani hata nikachoka kujibu, kisha akatupa misumari mdomoni na kupigilia kiti kizima, kona zote zimekunjwa sawasawa, bila kukosea. Ilikuwa kana kwamba baba yangu anahama nyumba chumba kimoja kimoja, na chumba kile hakijaguswa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: asikihame.

Siku moja adhuhuri nikamwita tule. Akaja, akakaa, akauma mkate, nikasikia mlio ambao mkate hauna. Alikuwa amesahau kutema. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nikaweka kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema, baba."

Akatema. Ikatoka misumari, ukatoka mkate, na katikati ya damu lilikuwamo jino. Halikuwa limevunjika. Lilikuwa jino zima na mzizi wake, lililoshuka lenyewe bila kusumbua mtu.

"La nani hilo?" akauliza.

Kaka yangu anaishi mbali, na ana ule ugonjwa wa watu wa mbali: anajua kila kinachotakiwa kufanyika. Nilipompigia kumweleza, aliniambia kwamba aliwahi kusoma mahali kuhusu jambo hilo. Jioni akanitumia maelezo marefu kwenye simu. Ugonjwa wa fizi unapanda hadi ubongoni, yalisema. Wazee wenye fizi mbovu wanapoteza akili. Chini yake akaniandikia: pole na majukumu, uwe na usiku mwema. Sikuwa na usiku mwema.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye uso wa mtu ambaye foleni yake haiishi. Kabla ya kukaa kwenye kile kiti, baba alikikagua kwanza. Akapapasa mshono wa ngozi pembeni, akaguna.

"Aliyeshona hiki alikuwa na haraka," akasema.

"Nitamfikishia salamu," daktari akamjibu. "Fungua mdomo, mzee wangu."

"Nafungua. Lakini usiniguse meno ya kazi."

Meno ya kazi yalikuwa yale ya mbele. Daktari akaingiza kijichuma chembamba kati ya jino na ufizi, kikazama, kikaendelea kuzama, nikatazama ukutani. Alipokitoa kilikuwa na damu na usaha. Jino moja la nyuma lilikuwa limefanya jipu, na daktari aliniambia joto lile la mwili nililodhani ni uchovu lilikuwa linatoka huko. Fizi zimeachana na meno, alisema. Meno yamesimama kwa mazoea tu.

Nikamwonyesha simu. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Kuna ukweli ndani yake," akasema. "Wadudu wa fizi hawabaki mdomoni. Wanaingia kwenye damu, na mwili unapigana nao miaka nenda miaka rudi bila kupumzika. Watafiti wameona kwamba watu walioishi na ugonjwa huu muda mrefu wanapatwa zaidi na hili la kusahau kuliko wenye fizi nzima. Ila kama moja ndilo linaloleta lingine, bado hakuna mwenye uhakika. Anayesahau, husahau pia kupiga mswaki. Ni mambo ya kuku na yai."

"Sikuja hapa kwa ajili ya kuku," nikamwambia.

Hakukasirika. Nadhani alishanisoma. "Nikimtibu fizi, atakuwa na fizi nzuri. Hilo nakuahidi. La kichwa, dada yangu, siwezi kukuahidi."

Siku hiyo aling'oa lile jino la nyuma, akakamua jipu, akatuandikia vidonge. Na hapa ndipo nilipopotezwa, kama nilipotezwa. Maana vidonge havijaisha, baba alirudi. Niliamka asubuhi nikakuta karakana imefunguliwa, imefagiwa, naye amekaa mezani kwake anachana sponji.

"Pilipili," akasema, "yule mwenye kochi la kijani, umemrudishia kitambaa chake? Tumemwaibisha mtu wa watu."

Nilishika mlango. Alikuwa hajaniita jina langu kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kulisubiri. Siku zile aliuliza habari za kaka, akauliza kama kaburi la mama limepandwa maua, akamtukana seremala tusi jipya kabisa ambalo seremala alilirudia kwa watu kwa fahari. Nilimpigia daktari kumshukuru nikilia. Akaniambia ndivyo inavyokuwa: mzee akiwa na usaha mwilini na homa, akili huvurugika zaidi, na homa ikishuka ule mvurugiko wa juu huondoka. Ulio chini hauondoki, alisema. Nilisikia nusu ya kwanza nikakata simu.

Halafu akaanza kuteleza tena. Pole pole, kama kawaida yake. Akaniuliza mama yuko wapi.

Daktari alikuwa amesema meno yaliyobaki yanaweza kusafishwa hadi kwenye mizizi, mengine yangedumu kidogo, mradi yapigwe mswaki asubuhi na jioni bila kukosa. Kupigwa, na nani? Na mimi. Basi naomba yeyote anayedhani hilo ni jambo dogo akajaribu. Baba alikuwa anafunga mdomo. Nikimbembeleza anageuza uso. Nikimshika kidevu ananitazama kwa hasira ya mwanaume ambaye hajawahi kushikwa kidevu na mtu yeyote, sembuse mtoto aliyemzaa. Kuna siku aliuma mswaki akauvunja. Kuna siku aliniuma mimi, kidole hiki cha kati, na nilipopiga kelele akaniuliza kwa upole wote nimekifanya nini kidole changu. Nashona kwa mkono huo. Nilikuwa nashona mchana, napika, nafua shuka zake, namtafuta akipotea hadi sokoni, halafu jioni napigana naye bafuni kwa ajili ya meno yanayocheza.

Nilichoka. Sitalipamba neno hilo. Nilichoka mpaka nikawa naamka nimechoka.

Katika uchovu huo lile wazo likakomaa. Kama jino moja likitoka baba anarudi kiasi kile, yakitoka yote je? Nilijua alichosema daktari. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilishapata kitu cha kushika. Nikamwuliza kaka.

"Yang'olewe yote," akasema kutoka huko aliko. "Tufunge huo mjadala. Ya nini kufuga ugonjwa mdomoni?"

Nikamwambia seremala, nikitarajia aniunge mkono. Aliweka randa chini.

"Na misumari ataishika na nini?"

"Kuna kopo. Kuna mikono. Watu wanatumia hata zile mashine za kubana pini siku hizi."

"Watu," akasema. "Mimi nakuuliza yeye. Ukimng'oa meno yale, umemng'oa mikono. Huyo mtu amebaki sehemu moja tu, Pilipili, na unajua ni wapi."

"Nawe unataka nini? Aoze mdomo mpaka asahau na kuvaa suruali?"

"Sijui ninachotaka," seremala akasema. "Mimi si mwanawe, namshukuru Mungu." Akaokota randa yake. Siku mbili tatu hatukusemeshana, na ukuta wenyewe ni wa mabati, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua.

Daktari naye aliniuliza mara mbili. Aliniambia mengi kati ya yale meno yangetoka tu mwaka huu au mwakani, kwa hiyo hangekataa kuyatoa, na kwamba mdomo usio na usaha ni nafuu kwa mzee yeyote. Lakini alitaka nilitamke kwamba sifanyi hivyo kwa ajili ya kichwa. Nikalitamka. Ulimi hauna mfupa.

Siku ya kung'olewa meno ya mbele, baba alikuwa na mwanga kidogo. Heri angekuwa gizani. Alikaa kwenye kiti, akapapasa ule mshono, akaguna, kisha akamwona daktari anaandaa sindano ya ganzi. Akaziba mdomo kwa kiganja, akanitazama mimi.

"Na haya ya kazi?"

Nilikaa kando yake nikamshika mkono mwingine. "Baba, haya ndiyo yanayokusahaulisha. Yakitoka utapata nafuu. Utakumbuka."

"Nitakumbuka?"

"Utakumbuka."

Alifikiri. Niliona anafikiri, ile mikunjo ya paji la uso anapopima kitambaa kisichotosha. Kisha akaondoa kiganja, akafungua mdomo, na hakuuliza tena. Daktari alinitupia jicho juu ya barakoa yake, akaanza.

Alipona vizuri. Fizi zilifunga, uvimbe ukaisha, harufu ikaondoka nyumbani kwetu hata nikagundua kwamba sebule yetu ina harufu yake nyingine, ya mbao na sabuni. Akanenepa kidogo kwa supu na mkate uliolowekwa. Daktari alimkagua akafurahi, akasema kinywa hiki sasa ni kizima kuliko kilivyokuwa miaka yote. Mimi nikasubiri. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza mlango wa karakana kama utafunguliwa na mtu aliyeamka kabla yangu. Haukufunguliwa.

Nikampeleka mwenyewe. Nikamkalisha mezani, nikamwekea kiti kidogo chepesi, kiti cha jikoni, kitambaa kimekatwa tayari, nyundo, kopo. Akavuta kitambaa kwa mkono wa kushoto, barabara, kama siku zote. Akachota misumari akaitupa mdomoni. Ikamwagika yote kifuani. Akachota tena. Ulimi ulikuwa unaigeuza na kuisukuma mbele, na mbele hapakuwa na kitu cha kuibana, ikateleza juu ya mdomo wa chini na mate, ikaanguka.

"Toa kwenye kopo, baba. Mmoja mmoja. Hivi."

Nikamwonyesha. Nikamtia msumari kwenye vidole. Akautazama. Nyundo ikapanda mpaka mdomoni, ikagusa, haikukuta kitu, ikabaki hapo hapo hewani. Na mkono wa kushoto, ule ambao katika maisha yangu yote sijawahi kuuona ukiachia kitambaa, ukaachia.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, na nilimchukia kwa kutosema.

Tukajaribu meno ya bandia. Mazuri, meupe, yalimpa sura ya mwanasiasa. Alikubali kuyavaa asubuhi, na kila mtu akamsifu, na kufikia adhuhuri hayapo. Tuliyapata ndani ya kiatu. Tuliyapata kwenye sanduku la vifungo vyangu. Siku moja yakapotea kabisa, tukapindua nyumba nzima, nikamlaumu paka wa jirani. Siku chache baadaye akaja mteja wetu, mwalimu mmoja mnene mwenye heshima zake, vijana wawili wamembebea kochi lake.

"Fundi," akaniambia, "samahani, sitaki kugombana. Lakini kochi hili linauma."

"Linauma vipi?"

"Linauma. Hapa." Akajishika mahali, akaona aibu, akashusha mkono.

Nikafumua mshono wa pembeni. Nikaingiza mkono kwenye sponji, nikatoa meno ya baba, ya juu na ya chini, yamekumbatiana. Baba aliyafutika humo wakati nimemkalisha karibu yangu achane sponji, na mimi ndiye niliyeshona juu yake, kwa uzi mara mbili, kazi safi.

Mwalimu alicheka kwanza. Kisha seremala, akicheka na kupiga ukuta wa mabati hadi mtaa mzima ukajua. Nami nikacheka, mbavu zikaniuma, machozi yakanitoka, sikuweza kuyasimamisha hata walipoacha kucheka. Baba ndiye aliyefurahi kuliko sisi sote. Alikuja akayachungulia kwenye kiganja changu.

"Ya nani hayo?" akauliza.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," seremala akasema taratibu, akimfungia baba kifungo cha shati. Hakunisuta. Nilitamani anisute.

Sikuyarudisha tena mdomoni mwake. Kaka alipiga simu akauliza mzee anaendeleaje baada ya lile zoezi, nikamwambia fizi ni nzuri sana. Akasema unaona. Nikamwambia naona.

Sasa anakaa nami mchana kutwa, kwenye kochi kuukuu tusilomuuzia mtu, karibu na cherehani. Haombi nyundo. Nampa vipande vya kitambaa anavikunja, navifungua, anavikunja. Kuna siku ananiita mama, kuna siku ananiita fundi, mara nyingi haniiti. Je, ingekuwa hivi hata kama ningemwachia meno yake? Daktari anasema labda ndiyo, kichwa kilikuwa kinakwenda huko huko. Labda. Lakini angekwenda akiwa anapigilia.

Juzi alasiri mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuja. Nilimlisha supu, nikamfuta mdomo, nikakaa kando yake kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma. Akanisogelea kwa bega lake, akatazama mlangoni kama kuna mtu, akanena kwa sauti ya chini. Bila meno maneno yake hutoka laini, lakini nimeshazoea.

"Wewe mwanamke una roho nzuri," akasema. "Nikuambie jambo?"

"Niambie."

"Kuna mwanamke alinichukua meno yangu."

Nikakikunja kitambaa nilichomfutia mdomo.

"Meno ya kazi. Alinishika mkono hivi," akanishika mkono, "akaniambia nitakumbuka. Mimi nikamwamini. Alikuwa anaongea vizuri." Alitikisa kichwa. "Wala sikumbuki chochote. Alinidanganya, yule."

"Pole, baba," nikasema.

"Si kitu. Nimeshazeeka, nitatafuna nini. Lakini nina binti." Akainama karibu zaidi, mpaka nikahisi pumzi yake, isiyo na harufu yoyote. "Nina binti anaitwa Pilipili. Huyo usimwambie. Ana hasira, akisikia atakwenda kupigana na watu. Halafu amechoka sana, mwanangu. Anafanya kazi peke yake. Usimwongezee."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nikamwambia sitamwambia.

"Apa."

Nikaapa.